Kabla ya Kumsomea Mwanao Aya, Msimulie

Mama mmoja wa Gatina, Kawangware, alipokea ujumbe wa M-Pesa siku ambayo mwenye nyumba alikuwa ametishia kufunga mlango kwa kufuli lake. Shilingi 4,500, kutoka kwa kifungua mimba wake anayeishi Kibera, upande wa Lindi. Kijana huyo hufanya kazi ya mjengo, na mama alijua kwamba kontrakta hakuwa amelipa watu wiki hiyo. Akampigia. "Hizi umetoa wapi, baba?"

"Mkeka umeingia, mathe. Lipa nyumba."

Mama akasema hela za kubeti hazitalipa kodi yake. Akamkumbusha vile vipande vya fedha alivyorudisha Yuda, ambavyo hata makuhani walikataa kuvitia katika hazina ya hekalu. Kijana hakubabaika. Alimkumbusha naye siku ya harambee kanisani kwao, mheshimiwa alipokuja na bahasha nene, mchungaji akaiinua juu, na akina mama wakapiga vigelegele. "Ile ilitoka wapi, na nani aliuliza?" Mama akakata simu, na hawakuongea kwa muda.

Shauri la hela hizo nitalifikia. Kwanza tazama jinsi walivyobishana: wote wawili kama Wakristo. Mama alitaka kujua kama pesa ni safi. Kijana naye alitaka kujua jambo lile lile, ila aliliuliza kanisa. Kwa hiyo ninaposikia wazee wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi wamemwacha Mungu, huwa sikubali upesi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya hujitambulisha kuwa Wakristo, na wasio na dini hawakufika asilimia 2. Vijana wa Kibera na Kawangware wangali wanabatizwa, wangali wanaanza mtihani kwa sala, na hata asiyeingia kanisani tangu kipaimara hukuambia "Mungu mbele" anapopanda boda. Walichobadilisha ni mahali pa kutafutia hukumu. Mzazi huuliza kanisa limesema nini. Mwana huangalia kanisa limefanya nini, kisha ndipo aamue kama atasikiliza linachosema.

Ushauri wangu mkubwa kwa wazazi ni mmoja, na yaliyobaki yote yanatoka humo: mwanao umempa amri bila kumpa historia yake. Amri zenu zilizaliwa. Zilikuwa na mwaka, mahali na sababu, na mara nyingi waliozizaa walikuwa vijana waliowaudhi wazee wao.

Kutoka Kawangware kwenda Kabete si mbali. Mwaka 1937 kundi la Uamsho, ule uliokuwa umeanzia Gahini kule Rwanda na kuenea Uganda, lilifika Kabete na kuhubiri toba. Waliookoka waliitana ndugu, Mwafrika na mzungu pamoja. Waliungama dhambi zao mbele ya watu: aliyeiba alitaja alichoiba na kukirudisha, mwenye kinyongo alimwendea jirani. Waliacha pombe na ugoro. Usidhani wakubwa wa kanisa walifurahi. Kule Mukono, Uganda, mwaka 1941, wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu walikataa kuacha kuamka alfajiri kusali na kuhubiri wakikemea maovu waliyoyaona humo chuoni. Walifukuzwa chuo cha kanisa kwa kukazana na mambo ya kanisa! Na wakati wa vita vya Mau Mau, miaka ya hamsini, wengi wa ndugu hao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha msituni, wakakataa vilevile kubeba bunduki ya serikali. Wapo waliouawa kwa hilo.

Sasa shosho aliyeokoka katika mkondo huo anamwambia mjukuu wake, "Pombe ni dhambi." Basi. Mjukuu hajui kwamba shosho aliolewa na mtu ambaye mshahara wake wa Ijumaa ulilala klabuni kabla haujafika nyumbani, na kwamba siku mume huyo alipookoka ndipo watoto walipoanza kuvaa viatu. Hajui kwamba yale maneno matatu yaligharimu nyumba nzima. Anasikia katazo tu, na katazo lisilo na hadithi ni rahisi kulipinga, maana anaweza kukutolea harusi ya Kana papo hapo.

Kwa hiyo, mzazi, badala ya kuanza na aya, anza na maisha yako. Sema ulikuwa nani kabla ya amri hiyo, uliona nini, nani aliumia. Usijitakase katika hadithi. Kama uliwahi kuanguka, kijana wako pengine anajua tayari kutoka kwa shangazi yake. Ukishasimulia, aya itapata mahali pa kukaa.

Nawe kijana, usikae ukisubiri usimuliwe. Uliza, tena uulize kwa adabu, wakati mzazi ameketi na chai yake, si wakati ametoka kazini na miguu inamuuma. Halafu kuna jambo ambalo nadhani wengi wenu hamjalielewa kuhusu wazee na kanisa, na nitalikalia kidogo.

Mtu aliyekuja Nairobi kutoka Vihiga, Siaya, Kisii au Murang'a, miaka ya sabini au themanini, alikuja na sanduku na barua ya kanisa. Barua hiyo ilisema kwamba fulani ni mshiriki mwema wa kanisa letu, mpokeeni. Alipofika Kibera alipanga chumba cha futi kumi kwa kumi, cha udongo na mabati, katika ardhi ambayo hangeweza kuwa na hati yake. Tajiri angeweza kumfuta kazi Jumatatu, mwenye nyumba angeweza kumtoa Jumanne. Mahali pekee palipokuwa na daftari lenye jina lake ni kanisani. Hata leo, chukua fomu ya basari ya CDF: utakuta nafasi ya mhuri wa chifu na mara nyingi nafasi ya kiongozi wa dini. Mtoto asiye na mchungaji wa kumtilia sahihi anajua maana ya nafasi hiyo.

Kisha kuna kifo. Mtu akifariki Laini Saba au Gatwekera, na kwao ni Nyanza au Magharibi, mwili unangoja mochari na bili inapanda kila siku. Kila jioni watu hukutana, daftari linafunguliwa, majina yanasomwa: huyu mia mbili, huyu hamsini, huyu ameahidi. Watu wa jumuiya, chama cha akina mama na kwaya ndio hujaza daftari hilo mpaka basi likodiwe. Mzee anapokwambia "usiaibishe jina letu kanisani", wewe unasikia mambo ya sura mbele ya watu. Yeye anafikiria hesabu. Kutengwa kanisani kwao kulimaanisha kwamba siku ya jeneza hakuna atakayefungua daftari. Ndiyo maana wamezishika kanuni za ushirika kwa mikono miwili, hata zile ambazo wao wenyewe hawawezi kuzitetea kwa Maandiko.

Sisemi kanuni hizo zote ni nzuri. Nasema ujue unachokipinga kabla hujakikejeli kwenye TikTok.

Hapo ndipo tunafika kwenye ndoa za njoo-tuishi, ambazo katika mitaa hii miwili huenda ndizo zimevunja mawasiliano ya familia nyingi kuliko suala lingine lolote. Kijana na binti wanaanza kukaa pamoja, mtoto anazaliwa, mama wa binti anaacha kwenda kwa jumuiya kwa aibu, na hao wawili wanakaa viti vya nyuma wenzao wanapoenda kupokea Ekaristi au kushiriki meza ya Bwana. Baadaye hawaendi tena. Wazee wanasema wameoa nje ya Mungu. Nenda uwaulize wao wenyewe, watakwambia harusi ni pesa: kamati, gauni, suti za wasimamizi, keki, gari, ukumbi, chakula cha watu mia tatu. Mahari nayo bado.

Wazazi, hapa lazima niwe mkali. Gharama hiyo mmeitengeneza ninyi, si Biblia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka wenye kuoana, mfungishaji na mashahidi wawili, pamoja na taratibu zake za ilani na cheti. Hakuna mahali inapotaja keki. Makanisa mengi hufunga ndoa za pamoja, wanandoa kumi au ishirini kwa ibada moja, na kila mmoja anatoka na cheti halali. Kinachozuia ni kiburi cha mjomba anayetaka hema. Kama kweli dhamiri yako inaumia kwa kuwa mwanao anaishi bila ndoa, mwondolee hema. Mwambie: nenda kwa padri au mchungaji mwezi huu, tutapika chapati na ndengu nyumbani, mahari tutaifuata polepole kama ilivyokuwa desturi ya babu zetu ambao hawakumaliza kulipa ng'ombe wote kwa siku moja. Ukikataa kufanya hivyo, acha kumhukumu.

Na ninyi wawili mnaoishi pamoja, msijifiche nyuma ya gharama kama sababu yenyewe ni kwamba mmoja wenu hajaamua. Hilo nimeliona sana, na mara nyingi ni mwanamume ambaye hajaamua. Binti, mzazi wako anapouliza "mtafunga lini?", huenda swali hilo ni ngao yako kuliko unavyodhani.

Mavazi, nywele na vipuli vya wavulana nitavipita. Kanisa moja linataka sketi ya kufika kwenye vifundo vya miguu, la jirani lina binti wa suruali anayeongoza sifa. Waumini wa kanisa la Israeli Nineveh wanapita Jumapili na kanzu zao, bendera na ngoma, na hakuna mtu Kawangware anayeshangaa. Nyumba inayogombana juu ya suruali huwa inagombana juu ya jambo jingine ambalo halijatajwa.

Zito ni siasa. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, mpaka wakaingia Bungeni tarehe 25, waliyageukia makanisa pia. Walidai wanasiasa wanyimwe kipaza sauti na bahasha zao zirudishwe. Wazee wengi waliona ni utovu wa adabu mbele ya madhabahu. Lakini madai hayo yalikuwa yametoka kwa viongozi wa kanisa wenyewe. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakatalia wanasiasa kuzungumza ibadani Butere, Septemba 2021, na maaskofu Wakatoliki wakatoa msimamo kama huo siku chache baadaye. Papa Fransisko alipokuwa hapa Novemba 2015, asubuhi alifika Kangemi, jirani kabisa na Kawangware, akawasemea wakazi wa mabanda juu ya ardhi na maji, na siku hiyo hiyo akawaambia vijana uwanjani Kasarani kwamba ufisadi ni kama sukari, mtamu na unaozoeleka. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto urudishwe. Ni ile Soweto ya Kayole, si kijiji chetu cha Kibera. Yule kijana wa Lindi na swali lake la bahasha alikuwa anafuata mafundisho. Kanisa lake ndilo lililochelewa.

Mzazi naye ana sababu za kuogopa. Aliyekuwa Kibera mwanzoni mwa 2008 aliona nyumba na makanisa yakiteketea. Aliyekuwa Kawangware Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, anakumbuka majirani wa miaka mingi wakiulizana makabila. Akisikia "maandamano" haoni bendera na chupa za maji; anaona panga. Mtoto aliyezaliwa 2005 hana picha ya 2008. Halafu kuna upande wa pili ambao wazee hawapendi kuutaja: nao waliwahi kuwa barabarani. Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alitikisa nchi kwa mahubiri yake ya Mwaka Mpya wa 1990 yaliyogusia kuporomoka kwa tawala za chama kimoja. Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari na Askofu Alexander Muge walisema kutoka mimbarini yale ambayo magazeti yaliogopa kuandika. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga watu waliokuwa humo wakidai mageuzi. Kijana, muulize baba yako alikuwa wapi siku hiyo. Unaweza kushangaa.

Kwa nyumba iliyo na kijana anayetaka kuandamana, msibishane asubuhi ya siku yenyewe. Kaeni usiku wa kabla. Mzazi aseme anachoogopa kwa mfano alioushuhudia. Kijana aseme anakwenda kwa sababu gani, na nini hatafanya: hataiba dukani, hatatusi kabila la mtu. Mwambieni mchungaji au katekista mapema, mkubaliane ni mlango gani wa kanisa utakuwa wazi na ni nani atapigiwa simu. Salini pamoja. Huenda bado mkatofautiana, lakini hamtakuwa maadui.

Turudi kwa zile 4,500. Mama alifanya vizuri kuuliza, akakosea kukata simu. Mimi ningemshauri hivi. Asizitie katika sadaka, na asizipigie vigelegele, maana kijana akiona mkeka umemletea baraka ya mama ataweka mwingine mkubwa zaidi. Amwite nyumbani. Wasianze na Yuda. Wafungue *334# waombe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, wachukue kalamu, wajumlishe pesa zote zilizokwenda kwenye kampuni za kubeti upande huu, na zote zilizorudi upande ule. Wajumlishe pia yule kandege wa kubeti kwenye simu usiku wa manane, shilingi hamsini hamsini ambazo mtu huona si kitu. Jumla hizo mbili zitasema kuliko mahubiri. Na ili iwe haki, mama naye aweke mezani za kwake: Fuliza, chama, na "mbegu" alizompandia mhubiri wa redioni. Hapo ndipo ataelewa kwamba mwanawe na yeye huenda wamekuwa wakitafuta muujiza uleule kwa namba mbili tofauti za paybill. Kodi ilipwe kwa mpango walioukubali wakiwa wameketi.

Nyumba nyingi haziwezi mazungumzo hayo peke yao, na hapo kanisa lina chombo kizuri ambacho limekiacha kishike kutu. Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua miaka ya sabini kujenga jumuiya ndogo ndogo, na hapa Kenya kila Kwaresima hupewa kijitabu cha kampeni chenye utaratibu wa ona, amua, tenda, njia ya Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliyeianzishia vijana wafanyakazi. Mtu anasimulia kisa cha mtaani, kisha Neno linasomwa, kisha watu wanaamua la kufanya wiki hiyo. Katika chumba kimoja cha Laini Saba nimeona jinsi kinavyotumika: viti vya plastiki vimejazana mpaka kwenye pazia la kitanda, jiko limetolewa nje, mwenyekiti mama anasoma kisa kwenye kijitabu, anaruka sehemu ya "ona" kwa sababu muda umeenda, anaingia kwenye maombi na michango. Vijana wawili walikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kile walichoruka ndicho vijana hao wangekiweza zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoona mtaa. Wenyeviti, msiruke. Mpeni kijana ndiye asimulie, kwa Sheng akitaka, na wazee wasikatize hadi amalize. Na msikutane Jumamosi mchana wakati wa mjengo halafu mseme vijana hawapendi mambo ya Mungu.

Wachungaji wapendwa, acheni kuwasuta vijana kwa mafumbo mimbarini. Kila mtu anajua ni mtoto wa nani anayesemwa. Wala msiogope maswali yao. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi Shakahola, Kilifi, na zaidi ya miili 400 ikapatikana ya watu wanaohusishwa na mafundisho ya Paul Mackenzie ya kufunga. Miongoni mwao walikuwemo watoto wengi ambao hawakuwa na nafasi ya kumuuliza mtu mzima kwa nini. Kijana anayeinua mkono na kusema "mbona?" analilinda kundi.

Na kama mnataka warudi viti vya mbele, yapo yanayowezekana Jumapili ijayo. Chagueni vijana wawili, wa kike na wa kiume, wakae na wazee wa kanisa kuhesabu sadaka. Wasome hesabu hiyo mbele ya waumini wote, bahasha ya mheshimiwa ikiwemo, na jina lake na kiasi. Kama kuna bahasha ambayo mnaona haya kuisoma kwa sauti, irudisheni.